Lori la Buluu la Shofere

Shofere alikuwa akipima betri kwa ulimi. Aliichukua betri aliyoiokota kwenye jalala la nyuma ya soko, akaipangusa mara moja kwenye suruali, upande ule ule aliofutia pua asubuhi, akaigusisha ulimi na kufumba macho. Ikimchoma kidogo alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeonja mboga akakuta imeiva. Isipomchoma aliitupa uani, na uani kwake kulikuwa na lundo la betri zilizovimba na kutoa ute mweupe, bata wa jirani wakipita katikati yake. Nimekaa naye Jumapili nyingi, na sikuzoea kamwe.

Sitataja jina lake. Bunia yote, mji wetu huku mashariki mwa Kongo, ilimwita Shofere, hata miaka yake ya mwisho ambapo hakuwa na lori wala macho ya kuendeshea lori. Aliendesha malori ya watu, barabara ya Mahagi na barabara ya Mongbwalu, na macho yalipofifia akaanza kuyajenga upya yakiwa madogo, urefu wa mkono, ya kuongozwa kwa mbali kwa telekomande. Mimi nilikuwa konvoyeri wake, yaani yule anayekaa juu ya mzigo, na lori likikwama mlimani anaruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu lisirudi. Leo naziba matairi kando ya barabara. Sikupanda lori tena tangu siku nitakayoieleza, kwa sababu hakuna dereva aliyenitaka, na aliyewafanya wasinitake ni yeye.

Alikufa msimu wa mvua uliopita. Matanga yake yalijaa. Watu walisimama mmoja mmoja wakasifu mikono yake, wakayapanga malori yake kwenye meza karibu na picha, na mke wa jirani akaniletea sahani ya nyama ya mbuzi. Nikairudisha. Nyama ya mbuzi siigusi, na hilo nalo lina asili yake kwake.

Nianze na mikono, maana haki ni haki hata kwa mtu anayekutia kinyaa. Sijaona mikono kama ile. Kichwa cha lori alikikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia kwa mkasi uliokufa makali, akakunja bati kwa mpini wa kijiko mpaka likapata mashavu na paji la uso. Springi alizitoa kwenye mwavuli uliovunjika. Mota aliitoa kwenye mashine za kuchezea diski zilizotupwa. Telekomande alizipata kwenye magari ya kuchezea yanayopitia Mahagi kutoka Uganda, yale yanayovunjika kabla Noeli haijaisha. Alinunua maiti zao, akafungua tumbo, akahamishia matumbo ndani ya lori lake. Magurudumu aliyachonga kwa soli za sandali za mpira, na juu yake akavalisha ukanda wa tube ya tairi. Ukanda huo alikuja kuuchukua kwangu. Hakusalimu. Aliinama kwenye vipande vyangu, akachagua kama mwenye mali, akaondoka, nami nilimwacha, nikijiuliza siku zote kwa nini namwacha.

Kisha kulikuwa na mafuta. Gia ndogo za plastiki zinataka kupakwa kitu zisilie, na Shofere alizipaka mafuta ya mbuzi. Aliyaweka kwenye kopo lililowahi kuwa la maziwa, na kopo lile halikufunikwa kamwe. Lilikuwa na nzi, lilikuwa na nywele, na siku za jua lilinuka chumba kizima. Alichovya kidole, akapaka gia, kidole kilichobaki na mafuta akakiramba. Nilimwambia mara nyingi atumie mafuta ya pikipiki, nikamletea hata chupa. Akajibu kwamba mafuta ya pikipiki yanakula plastiki. Huenda ni kweli. Lakini mimi niliamini ananifanyia makusudi, kwa sababu yeye na mimi tulijua mafuta ya mbuzi yananikumbusha nini.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka watoto wa mtaa wakauimba. "Chuma haidanganyi." Alimaanisha kwamba lori dogo lazima liwe kama lile kubwa lilivyokuwa, siyo kama unavyotamani lingekuwa. Alijenga malori aliyoyaendesha yeye mwenyewe tu, na aliyajenga na ugonjwa wake wote. Lile jekundu la Mahagi lilikuwa na taa moja, basi akaliwekea taa moja. Dereva mmoja kijana alimwambia aweke zote mbili lipendeze, na Shofere akamtazama kwa huruma.

"Ile taa ilikuwaka imekufa," alisema. "Unataka niweke uongo mu chuma?"

Nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kiti changu cha kila Jumapili. Nilitamani kutema mate. Mtu asiyeweza kudanganya taa moja ya bati alikuwa amenidanganyia maisha.

Jumapili baada ya misa alitembeza malori yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, naye aliumwagilia maji tangu alfajiri mpaka ukawa tope la Mongbwalu kabisa, lenye mifereji ya magurudumu na shimo katikati. Madereva walikuja na vigoda na chupa zao, maana siku hizi barabara zenyewe hazieleweki, malori yanalala wiki nzima yakingoja kusindikizwa na askari, na mtu aliyezoea usukani anahitaji kitu cha kutazama. Shofere alisimama juu, antena imechomoza kifuani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Lori lilipanda. Alilijaza kupita kiasi, kama tulivyofanya: vigunia vya mchanga, vidumu, na juu kabisa abiria wa matambara waliofungwa uzi. Lori likiyumba abiria walimwagika topeni, na hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakohoa, akainama na kuwakusanya kwa miguu yao, akawapangusa, akawapandisha tena. Madereva nao walicheka. Mimi niliwatazama wote na kuwaona wachafu.

Siku moja fundi wa simu alikuja na gari la kununua, jipya, la kung'aa, kushindana naye. Telekomande ya Shofere ilikuwa imetoka kwenye gari la aina ile ile, kwa hiyo alipobonyeza yake, magari yote mawili yalipinda kulia. Fundi wa simu akahangaika, gari lake likimkimbia na kumfuata Shofere. Mwingine angeacha. Shofere aliliendesha gari la mwenzake taratibu mpaka kwenye lundo la betri, akaliingiza humo, kisha akamwambia mwenye gari, "Gari yako inanisikia miye." Aliisimulia hadithi hiyo mwaka mzima, na kila mara fundi wa simu alizidi kuwa mjinga na gari lilizidi kuwa la bei.

Mngependa nimchore mwovu tu, kazi iwe rahisi. Lakini watu wa Djugu walipoanza kuingia mjini wakikimbia vita, wengine bila hata sufuria, Shofere alitoa godoro lake akampa mama aliyejifungulia kwenye ua wa kanisa. Mimi ndiye niliyelibeba kichwani. Yeye alilala juu ya magunia mpaka kufa, na hakulisema jambo hilo hata mara moja. Aliwatengenezea redio bila malipo. Mzee aliyepoteza nyumba na ng'ombe alikuja kushukuru na Shofere akamfukuza kwa maneno makali, akisema anamzibia mwanga. Wema wake ulinichefua kuliko ubaya wake, kwa sababu kila nilipokuwa tayari kumchukia vizuri alinivurugia.

Sasa niseme kilichokuwa kati yetu.

Lori lilikuwa la buluu. Tulikuwa tunakwenda Mongbwalu, tumejaa kreti za bia na vifaa vya wachimbaji, na abiria juu, akiwemo mama mmoja na vikapu vyake vya samaki wakavu wa ziwani. Yeye ndiye watu wanayemwita Mama Samaki mpaka leo. Mvua ilitukamata Iga Barrière, kituo cha njiani, tukalala. Asubuhi Shofere alinunua mguu wa mbuzi. Kuni zote za pale zilikuwa zimelowa, zinatoa moshi tu. Ubavuni mwa lori, kwenye ndoano, lilining'inia gogo letu, mti mgumu wa miaka, mkavu kama mfupa kwa sababu nililifunika kila usiku kwa turubai. Shofere alilitungua, akalipasua kwa shoka. Nilimuuliza mlimani tutafanyaje.

"Tutakata ingine mu njia," alisema.

Hatukukata. Tuliichoma nyama, ikaiva vizuri, tukala, tukaondoka tumechelewa. Katika mlima wa tatu injini ilizima. Breki ya mkono tulikuwa tumeifunga kwa kamba ya mpira tangu mwezi uliotangulia, na haikushika. Nikaruka kama nilivyoruka mara elfu, mkono ukaenda kwenye ndoano wenyewe, haukukuta kitu. Nikachukua jiwe. Jiwe likateleza kwenye tope. Lori lilirudi nyuma polepole, na hilo ndilo baya, kwamba lilikuwa polepole, nikaliona lote, likaegemea ukingo na kulala ubavu. Hakuna aliyekufa. Mama Samaki alibanwa mguu wa kushoto, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Nilipokuwa bado nafungwa bandeji ya kichwa, mahali kreti iliponiangukia, Shofere alikuwa ameshaongea. Alimwambia mwenye lori kwamba konvoyeri alilala. Akawaambia madereva wote pale parking, kituo cha malori, kwamba nilichelewa kuweka gogo. Kisha, na hili ndilo linalonitoa nyongo mpaka leo, alinunua sukari na sabuni, akaenda kando ya kitanda cha yule mama, akamshika mkono na kumwambia vivyo hivyo. Aliendelea kumpelekea sukari kila Noeli. Mimi nilipoanza kusema, nilionekana konvoyeri anayemsingizia bosi wake, jambo ambalo makonvoyeri wote hufanya. Mama Samaki alirudi sokoni na fimbo ya kwapani ya mti. Nikipita mbele ya meza yake alitema mate chini. Hakunitukana hata siku moja. Alitema tu, akaendelea kupanga samaki.

Basi mtaniuliza kwa nini nilikwenda kukaa kwake kila Jumapili. Shofere aliendesha malori saba maishani, nami nilikuwa nimehesabu. Alijenga jekundu, akajenga la kijani, la kijivu, akafika sita. Kila moja lilikuwa na ndoano ubavuni, na kwenye ndoano kijigogo cha ukubwa wa kidole kikining'inia kwa uzi. La buluu hakulijenga. Nilikwenda kungoja. Nilitaka kuona mikono ile itafanya nini ikifika pale.

Mwaka wake wa mwisho mikono ilianza kutetemeka. Bati lilimkata, akaendelea na damu ikikauka kwenye rangi. Jioni moja alituma mtu kuniita. Nilikuta ameketi kitandani juu ya magunia, kopo la mafuta miguuni, na kwenye meza kulikuwa na lori la buluu.

Sikutaka kuligusa. Nikaligusa. Kila kitu kilikuwepo: kreti za bia, turubai langu lenye kiraka cha njano, na nyuma kushoto mwanamke wa tambara mwenye vikapu viwili. Nikaligeuza. Chini, waya wa breki ya mkono ulikuwa umefungwa kwa uzi wa tube, tube yangu mwenyewe aliyoichukua kwangu bila salamu. Nikatazama ubavuni. Ndoano ilikuwepo. Haikuwa na kitu.

"Gogo iko wapi?" nilimuuliza.

Alijikuna shingo.

"Tulikulaka," alisema.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo, kwamba tulilila, zaidi ya miaka kumi, na lilipokuja nilisikia kichefuchefu tu. Alilisema na kucha zake zina mafuta ya mbuzi. Nilimwambia aende akamwambie Mama Samaki. Akakataa. Alisema yule mama anampenda, kwamba ni mzee sasa, kwamba sukari ya miaka yote ile ni kitu. Alitaka niwe nimeambiwa mimi peke yangu, chumbani, mlango umefungwa, yaishe. Nikamwambia kwamba Jumapili nitamleta yule mama atazame lori. Anayo wiki nzima. Kijigogo cha ukubwa wa kidole anakichonga kwa dakika tano, akitaka akining'inize, na mimi sitasema neno. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Mama Samaki asingenisikiliza mimi, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyekwenda, akamwambia kwamba Shofere amejenga ile kamio, lile lori la ajali. Jumapili Mama Samaki alikuja na pikipiki, amevaa kitenge cha misa. Alikaa kwenye kigoda, fimbo juu ya paja, na hakunitazama. Madereva walijaa. Mimi nilisimama nyuma, nimenyoosha shingo, kwa sababu sikuwa nimeiona ndoano tangu jioni ile. Shofere alikuwa amelifunika lori kwa kitambaa mpaka dakika ile.

Alilifunua. Akasimama juu ya mteremko akawasha telekomande. Lori la buluu lilipanda taratibu, likiguna, likapita shimo, na katikati ya mlima akaachia kidole. Likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma polepole, likaegemea ukingo, likalala. Mwanamke wa tambara alikuwa chini yake. Safari hii Shofere hakucheka, na madereva walipoona hacheki wakashusha chupa zao.

"Leteni hapa," alisema Mama Samaki.

Walimletea. Alipangusa tope kwa ncha ya kitenge, akaligeuza polepole, mtu aliyesafiri juu ya malori miaka ishirini na anayeyajua kuliko wengi wetu. Kidole chake kilifika ubavuni kikasimama. Nikaona ndoano. Ilikuwa tupu.

"Gogo iko wapi?" aliuliza, na aliniuliza mimi bila kunitazama, maana siku zote lawama ilikuwa yangu.

Nilimtazama Shofere. Alisukuma antena ya telekomande ndani kwa kiganja.

"Nilichoma, mama," alisema. "Pale Iga. Kuni zilikuwa na maji. Nilipasula gogo, tukachoma nyama. Huyu hakulala. Aliruka. Aliruka na jiwe."

Madereva waliangalia chini, wale wale walionikataa, na nilisubiri kusikia mzigo ukishuka mabegani, kwa sababu watu husema unashuka. Mama Samaki alimtazama Shofere. Hakumtemea mate. Kisha akanigeukia, na ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake yakiwa mbele yangu.

"Weye pia ulikulaka ile nyama?"

Ningeweza kusema nilikuwa kijana. Ningeweza kusema niliuliza kuhusu gogo, na ni kweli niliuliza. Lakini niliuliza nikiwa nimeshakalia jiwe na kunyoosha mkono.

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa tamu?"

Wote walikuwa wakinitazama. Harufu ya kopo lile ilinifikia kutoka dirishani, na nikajua kwamba kinyaa nilichombebea yule mzee miaka yote, sehemu yake kubwa ilitoka kwenye nyama niliyoila mwenyewe.

"Ilikuwa tamu," nilisema.

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata chenji yake kamili. Akaliweka lori chini topeni, akamtoa yule mwanamke wa tambara, akamfunga kwenye pindo la kitenge. Akamwita mwenye pikipiki. Nilimfuata bila kujua ninafuata nini. Alishika bega la dereva ili apande, na fimbo ikamzuia, basi bila kugeuka akainyoosha nyuma, kwangu.

"Shika," alisema. "Na hii musiichome."

Nikaishika kwa mikono miwili mpaka alipokaa.